Juzuu Asimokufa Mtu

Alhamisi moja, saa kumi na robo alasiri, Mama Msomi alikuwa akitia zipu kwenye ovaroli ya tisa kati ya kumi na mbili alizoagizwa na kiwanda cha gundi. Mwanawe, aliyekufa miezi minane nyuma, aliingia, akavua viatu mlangoni, akauliza kama juzuu ya thelathini na moja imetoka.

"Futa miguu kwanza," mama alimwambia.

Miguu ilikuwa na tope jeusi la tangi la kiwandani, lile lile alilotolewa nalo, na nguo zilikuwa bado zinachuruzika. Mama alimtandikia mabaki ya kitambaa kando ya cherehani, naye Msomi akakaa pale alipozoea kukaa tangu yuko darasa la tatu. Hakuna aliyeshtuka. Mtaani pale ilijulikana kwamba mtu akifa ameacha kitu katikati, huruhusiwa kurudi akimalizie. Mwaka juzi fundi bomba wa nyumba ya nyuma alirudi siku ya tatu baada ya mazishi yake, akakaza koki ya jikoni kwa mwenye nyumba, akanawa mikono, akaaga. Koki ile mpaka leo haijavuja, na alipokuwa hai hakuwahi kutengeneza koki ikamaliza wiki.

Msomi lilikuwa jina la mtaani, na mwanzoni lilikuwa la kebehi. Shule hakuimaliza. Alichosoma ni manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, na katika hizo alisoma mfululizo mmoja tu, alioushika akiwa na miaka kumi na mitatu na ambao mpaka anakufa ulikuwa haujaisha. Ulikuwa mfululizo wa giza. Nahodha mwenye jicho moja anaongoza jeshi kwenda kumwua Malkia wa Masizi, anayekula watu na kuwarudisha wakiwa moshi, na katika kila vita wanakufa askari kwa makumi. Msomi aliwajua wote waliokufa, jina na ukurasa. Ukimwuliza tarehe ya kuzaliwa ya shangazi yake, hajui.

Na vitabu hivyo ndivyo vilivyomwua. Ndivyo ilivyoandikwa. Ripoti ya kiwanda ilikuwa na sentensi ambayo mama alikuwa ameshaisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo: "Marehemu alijificha ndani ya tangi la masalio saa za kazi ili asome kitabu cha katuni, akazidiwa na hewa chafu." Chini yake ilielezwa kwamba juzuu ya thelathini ilikutwa kwenye nguo zake, imelowa, na imehifadhiwa kama kielelezo. Mama Msomi aliposoma hayo alilia. Kisha akakasirika, na kwa kuwa hakuwa na wa kumkasirikia, alivikasirikia vitabu. Alivifunga vyote ishirini na tisa kwa vipande vya kitambaa, mafungu matatu, akavipandisha mwenyewe kwenye gari la taka. Mtaa ulimsifu. Wazazi waliwaita watoto wao uani waje waone gari linavyoondoka.

"Imetoka wiki iliyopita," alisema sasa, akakata uzi kwa meno. "Ipo kwenye droo."

Alikuwa ameletewa na muuza vitabu wa kona, mtu waliyemwita Bado kwa sababu ndilo jibu alilompa kila aliyeulizia toleo jipya. Bado alisimama mlangoni akiwa ameshika kitabu kwa mikono miwili. "Alikuwa ameniwekea oda," alisema. "Mtu anakufa, oda yake haifi." Mama alikipokea akiwa na nia ya kukitupa. Badala yake alikifungua, kwa sababu alitaka kujua mwanawe aliona nini humo hata akakipenda kuliko roho yake.

"Nimeshaisoma," alimwambia Msomi. "Ni nzuri."

Msomi aligeuka. "Nzuri? Juzuu inayofuata vita wasomaji husema haina kitu."

"Ina mengi. Askari wanatoka kwenye lile lango refu wanarudi kwao. Wanatembea kinyumenyume, sijui kwa nini, nadhani ni adabu yao. Wanapita matopeni, wanapita mvuani, nguo zinazidi kuwa safi. Mwisho wanafika makaburini, wanachukua majembe, wanawafukua wenzao. Wanawafunua nyuso. Ukurasa wa mwisho wamekaa nao wote, wazima na wafu, wanamtazama nahodha."

Msomi alikitoa kitabu kwenye droo.

"Mama," alisema, "umeanzia mwisho."

Akamwonyesha. Kitabu kile kilifunguliwa upande wa kulia, na picha zilifuatana kutoka kulia kwenda kushoto, hata maneno ya watu. Mama alikuwa amekisoma kama anavyosoma Biblia yake na daftari lake la vipimo, kuanzia kushoto, na picha kwa kuwa ni picha hazikumkatalia.

"Hawawafukui," Msomi alisema. "Wanawazika. Halafu ndiyo wanakwenda langoni."

"Aa," mama alisema. Alishona inchi mbili za zipu. "Nilivyosoma mimi ilikuwa afadhali."

"Ilikuwa afadhali," Msomi alikubali.

Basi wakaianza upya, kutoka kulia. Msomi alisoma kwa sauti na mama alishona, na alipofika kwenye picha isiyo na maneno alimwinulia kitabu aone. Alisoma kurasa nane, akafunga, na ilipofika saa kumi na mbili akavaa viatu na kuondoka. Kesho yake saa kumi na robo alirudi. Pale alipokaa palibaki doa jeusi lenye harufu ya kwato zilizochemshwa, zile wanazotolea gundi. Mama alilifuta kwa maji ya moto na halikutoka, akaliacha.

Msomi alimweleza mama juu ya juzuu za namna ile. Katika mfululizo mrefu, alisema, kuna juzuu za vita na kuna juzuu za mpito, ambazo hazina kazi ila kuwatoa watu kwenye vita moja na kuwapeleka kwenye nyingine. Watu wanatembea, wanafua, wanagombania blanketi. Wasomaji huzilaani. Wanangoja mwaka mzima, kitabu kinakuja, na ndani yake kuna kurasa kumi na nne za watu wanaovuka mto.

"Mimi ndizo ninazozipenda," alisema. "Humu hafi mtu. Ni kama sheria."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kitabu kiishe."

Mama alihesabu bila kutaka. Kurasa mia moja tisini na mbili, nane kwa siku, ni siku ishirini na nne. Alimwambia asome kurasa sita. Msomi akasema hata yeye alikuwa anafikiria hivyo.

Kulikuwa na mpishi wa jeshi, mzee mwenye mguu wa mti. Katika vita vya juzuu ya thelathini walikufa watu sitini, na mpishi alikuwa hajaizoea hesabu mpya, kwa hiyo kila jioni alipanga bakuli kwa idadi ya zamani, akapakua, kisha akazimwaga bakuli sitini kurudi sufuriani moja moja. Mchoraji aliionyesha kazi hiyo jioni nne mfululizo, kurasa nzimanzima, bila neno. Jioni ya tano mpishi alipanga idadi kamili. Akasimama akiziangalia bakuli, akakaa chini, akavua mguu wake wa mti na kuulaza mapajani.

Mama Msomi aliacha kushona. Mumewe alipofariki alipanga sahani tatu kwa muda mrefu, na siku alipopanga mbili hakuna aliyejua ila yeye. Ilimuuma kwamba mtu wa mbali kiasi kile, mwenye kalamu na wino, alilijua jambo hilo, na kwamba mwanawe alikuwa akilisoma miaka yote hii pale miguuni pake na yeye akimwambia aache upuuzi akachote maji.

"Huyu mzee atakufa?" aliuliza.

"Si humu. Ya thelathini na mbili, nadhani. Mchoraji akianza kukuonyesha mtu anavyokosha bakuli, ujue huyo amekwisha. Anakufanya umpende kwanza."

"Roho mbaya hiyo."

"Ni kazi yake, Mama."

Jua lilikuwa limehama. Mama alisimama, akaisogeza cherehani mpaka kwenye dirisha la pili, kama alivyofanya kila siku saa kumi na moja unusu, kwa sababu uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu hauonekani bila mwanga. Msomi alijivuta na kitambaa chake akamfuata.

"Sogea kidogo hapo," alisema. "Unanizibia, sioni."

Mama alisogea. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Kule tangini ulikuwa unaonaje?"

"Kuona nini?"

"Kusoma."

Msomi aliweka kidole kwenye ukurasa asipoteze mahali. "Nani alisoma mle? Mle hamna mwanga, Mama. Hata mkono wako mwenyewe huuoni."

Akamweleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Pampu iliyo chini ya tangi ilikuwa imeziba kwa nywele na mafuta. Msimamizi wa zamu alimwambia ashuke aizibue, dakika mbili tu, dogo, barakoa za hewa ziko njiani. Alishushwa kwa kamba. Kitabu kilikuwa kwenye nguo zake kwa sababu kilikuwa kwenye nguo zake siku zote, hata kanisani. Alifika chini, akaipapasa pampu, akatoa fundo la kwanza la nywele, akasikia usingizi. Zaidi ya hapo alikumbuka kamba ikivutwa tu.

Mama Msomi alikaa. Kila siku ya kazi, miaka ishirini na sita, alikuwa ameihamisha cherehani mara tatu kufuata mwanga. Sentensi ile aliisoma asubuhi na jioni kwa miezi minane, na hakuwahi kujiuliza mtu anasomaje ndani ya tangi la chuma lenye mfuniko. Kamati iliyoandika ripoti haikujiuliza, mtaa haukujiuliza, na yeye aliyemzaa hakujiuliza. Alilia kwa aibu, na kilio cha aibu hakina sauti kubwa.

"Vitabu vyako nilivitupa," alisema alipoweza.

"Vyote?"

"Vyote."

Msomi alirudisha kidole kwenye mstari aliokuwa anausoma. "Basi," alisema. "Si nilishavisoma."

Jumatatu yake mama alivaa gauni la kutokea, akaikunja ripoti kwenye leso, akamchukua mwanawe wakaenda kiwandani. Alichotaka kilikuwa kidogo, na alikirudia njia nzima. Hakutaka mtu afungwe. Alitaka sentensi moja ifutwe.

Mlinzi wa getini aliwapa daftari la wageni. Kwenye sehemu ya sababu ya kuja, mama aliandika: kurekebisha ripoti. Msomi aliandika: marehemu. Mlinzi akasoma, akaweka tiki, akawaambia wapite kushoto, wasikanyage maua.

Afisa utumishi alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwamkia mama shikamoo, akavuta viti viwili, na kimoja akakitandika gazeti.

"Pole sana kwa msiba, Mama," alisema. "Na wewe pole, Msomi."

"Nimeshapoa," Msomi alisema.

Afisa alilileta faili. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, akiandika, na mama alianza kupata tumaini, kwa sababu maishani mwake hakuwa amezoea kusikilizwa mpaka mwisho. Kisha afisa akamwita msimamizi wa zamu kwa simu ya mezani, naye akaja, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa, akasimama karibu na mlango.

"Anasema ulimtuma," afisa alisema.

"Ni kweli, nilimtuma," msimamizi alisema. "Pampu ilikuwa imeziba. Dogo, pole bwana. Nilivuta kamba mpaka mikono ikachubuka."

"Nilisikia unavuta," Msomi alisema.

Afisa aliandika na hayo. Mama aliangalia kalamu inavyokwenda, akafikiri imekwisha, haki imepatikana asubuhi moja kabla ya chai.

"Tatizo," afisa alisema, "ni kwamba kamati ilikaa tarehe kumi na nne, na Msomi hakuhudhuria."

"Nilikuwa nimekufa."

"Ndiyo, udhuru umeandikwa hapa. Lakini asiyekuwepo na lake halipo, hata wewe unajua. Na ripoti ikishagongwa muhuri hairekebishwi. Inaweza tu kuandikwa nyingine." Aligeuza ukurasa, akahakikisha. "Na nyingine haiandikwi mpaka itokee ajali nyingine."

Nje mtu alikuwa anaburuza kitu cha chuma sakafuni. Msimamizi alikohoa, akasema samahani, ila kwa kuwa limetajwa, pampu imeziba tena tangu Ijumaa, na kesho saa mbili amempanga Kijiti ashuke.

"Barakoa?" afisa aliuliza.

"Ziko njiani."

Kijiti alikuwa jirani wa Mama Msomi. Alipanga chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, mtu mwembamba anayecheka kabla hajamaliza kisa chake, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba.

Afisa utumishi alivua miwani akamtazama Msomi kwa namna nyingine, namna mtu anavyoitazama kabati aliyoipita kila siku na leo amegundua ina nafasi.

"Wewe mle ndani sasa hivi ukishuka unapata shida yoyote?"

"Sipumui," Msomi alisema.

"Hupumui kabisa?"

"Tangu siku ile."

Afisa na msimamizi walitazamana. Msimamizi akasema, kwa heshima zote, kama dogo yuko tayari ni msaada mkubwa, maana wazima wana usumbufu. Afisa alikuwa ameshafungua droo. Ilikuwepo fomu ya kumrejesha kazini mtu aliyeondoka kwa kosa la nidhamu, na Msomi alikuwa ameondoka kwa kosa la nidhamu, kwa hiyo hakuna kilichopaswa kubuniwa. Alijaza jina, namba, idara. Kisha akaigeuza upande wao na kuweka kidole penye nukta nukta.

"Hapa anakiri kosa la awali na kuahidi halitarudiwa."

Mama alisoma. Ilikuwa sentensi ile ile, ila sasa ilianza na neno "mimi".

"Hakufanya," mama alisema. "Huyu baba hapa amesema alimtuma. Umeandika mwenyewe."

"Nimeandika, Mama, na nitaliweka kwenye faili. Hapa hakuna anayesema alifanya. Inasemwa tu kwamba anakiri. Mtu hawezi kusamehewa kosa ambalo hajalikiri, tutamrudishaje kazini?"

"Arudi kazini kufanya nini? Amekufa!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupandisha sauti. Afisa alimsogezea glasi ya maji, na hapakuwa na dharau yoyote katika usogezaji ule, na hilo ndilo lililomvunja mama nguvu. Angetukanwa, angejua la kufanya.

"Nisiposaini?" Msomi aliuliza.

"Hakuna kitakachokupata," afisa alisema. "Kijiti atashuka kesho saa mbili."

Msomi aliangalia mikono yake. Maji meusi yalikuwa yamelowanisha gazeti na sasa yalidondoka sakafuni, tone baada ya tone.

"Mwanangu," mama alisema. "Usiandike. Nakuomba. Ukiandika wewe mwenyewe, mimi nitamwambia nani?"

"Mama, mle ndani pana usingizi tu. Lakini huyo mtoto wa Kijiti hatamjua babake."

"Sisi tumekuja kwa ajili yako."

"Najua."

Akaomba kalamu. Alikuwa na mwandiko mzuri, alioupata kwa kuiga herufi za kwenye manga, na aliandika jina lake lote polepole, kwa uangalifu, asilichafue karatasi. Afisa alimpongeza kwa mwandiko.

Palibaki mstari mmoja. Marehemu, afisa alieleza, hawezi kuingia mkataba peke yake. Anahitaji mtu hai wa kumshuhudia, na kwa kawaida huwa mzazi. Shahidi anathibitisha kwamba maelezo yaliyo hapo juu ni ya kweli kwa kadiri anavyojua. Shahidi akikana baadaye, mbele ya yeyote, mkataba unavunjika, na zamu inarudi kwa anayefuata kwenye orodha, yaani Kijiti.

Mama Msomi alishika kalamu. Alifikiria ukuta wa chumba chake, jinsi unavyopitisha kila kitu, mke wa Kijiti anavyomsomea mumewe orodha ya majina ya watoto na Kijiti anavyoyakataa yote. Alitaka kuukata mkono wake mwenyewe. Alitaka Mungu ambaye hajamwona kwenye shauri hili aje sasa hivi aketi kwenye kile kiti chenye gazeti. Ofisini palikuwa na saa ya ukutani, kalenda, na watu watatu wanaomngoja kwa adabu. Akasaini. Aliandika jina zima, na penye uhusiano akaandika: mama mzazi.

"Asante, Mama," afisa alisema. "Na zile ovaroli, ukiweza, Ijumaa."

Tangi lilikuwa na zamu tatu, na kwa kuwa Msomi halali wala hali, alipewa zote. Hakurudi tena nyumbani saa kumi na robo. Juzuu ya thelathini na moja ilibaki ina kipande cha uzi wa bluu kwenye ukurasa wa mia moja na ishirini na sita, na baada ya wiki mbili mama aliimalizia peke yake, kutoka kulia, akisoma kwa sauti. Ijumaa iliyofuata, alipopeleka ovaroli nyingine, alimkuta Msomi nyuma ya uzio, miguu myeusi mpaka magotini, anangoja kamba ishushwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wamefika langoni."

"Mpishi yupo?"

"Yupo. Hakufa mtu."

"Si nilikwambia," Msomi alisema. Msimamizi akamwita, akashuka.

Kiwanda kiliufurahia utaratibu huo. Kabla ya mwisho wa mwaka walirejeshwa kazini marehemu wengine wanne, wa miaka ya nyuma, kila mmoja na kosa lake amelikiri na mjane au mzazi wake ameshuhudia. Mmoja alikiri kulala kazini, mwingine alikiri kukanyaga mahali pasipokanyagwa. Oda ya barakoa ilifutwa. Bado alipita mlangoni kwa Mama Msomi akasema ya thelathini na mbili imetoka, ni ya vita tupu, mama akamwambia ampe mtu mwingine, mwanawe siku hizi hana nafasi.

Mke wa Kijiti alijifungua salama, mtoto wa kiume. Siku ya arobaini alimleta kumwonyesha jirani, na Kijiti alisikika ng'ambo ya ukuta akipiga mluzi na kuhamisha vyombo. Mke wake alikaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amenawiri, alikuwa na furaha, na alitaka kusema jambo jema.

"Mama Msomi, hongera na wewe," alisema. "Kijiti ananiambia Msomi ametulia kabisa. Mchapakazi, hana neno na mtu, hata kitabu haonekani nacho. Unaona sasa? Hakuwa mtoto mbaya. Ni yale makatuni tu yaliyomponza."

Mama Msomi alinyoosha mikono apewe mtoto.

"Ni kweli," alisema.